Pembe ya Digidigi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imefika Ihumwa salama. Hapa hatujambo, bibi yako ana kikohozi, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo.

Umeuliza, huko chuoni Mbeya, tulijuaje kiasi cha baruti cha kutia kwenye gobore. Tulipima kwa pembe ya digidigi. Ikijaa, basi, hata kama unawinda mnyama mkubwa namna gani. Baba alitufundisha hivyo na sote tulimtii, isipokuwa mdogo wangu Chilewa, ambaye hadi leo haridhiki na kidogo.

Siku moja tulimkuta tandala dume kwenye shamba letu la mtama. Chilewa akasema mnyama mkubwa hauawi kwa pembe ndogo, akapima baruti kwa pembe ya mbuzi. Nilimkataza. Akaniambia nisogee, nisije nikamtia mkosi. Nilisogea sana.

Gobore lililia, moshi ukafunika mtama wote. Ulipotawanyika, tandala alikuwa anaondoka bila haraka, na Chilewa amelala chali kwenye miiba, nyusi hana. Alipozinduka akauliza, "Kaka, ameanguka?"

Nikamjibu, "Ameanguka mmoja, ila hana pembe."

Gobore tulilisalimisha zamani. Ile pembe ya digidigi, bibi yako anapimia chumvi ya mlenda. Babu yako Chilewa akija kula anaonja, anasema haijatosha, kisha anavuta kopo la chumvi.

Mimi huwa nasogea.

Ni mimi babu yako, ambaye nyusi zangu zote ninazo,
Yona