Karatasi Niliyoisindikiza Hadi Kilosa

Jumamosi jioni, Kilosa. Mvua imekatika sasa hivi. Milima imejificha kwenye mawingu, na mji umetulia kiasi kwamba namsikia mtu akipasua kuni nyumba ya tatu kutoka hapa. Pazuri kweli. Mimi ndiye ninayenuka.

Nimeoga mara mbili tangu nishuke kwenye treni na bado najionea kinyaa.

Nianzie Mwanza. Kaka yangu Shija alifariki mwaka jana. Mkewe, wifi yangu Anna, akaifunga nyumba yao ya Ilemela na kuja huku kwao na watoto wawili, apumzike kidogo. Nyumba ile waliijenga wote wawili, juu kabisa kwenye mawe, mahali gari halifiki. Mchanga Anna aliupandisha kwa kichwa, ndoo kwa ndoo, akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Sikuhadithiwa, nilikuwepo.

Wiki iliyopita baba mdogo alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Nyakato, na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi inayosema kwamba Anna, kwa hiari yake, anairudisha nyumba kwa ukoo. Alitaka nimpigie Anna simu nimwambie kuna fomu ya mafao ya marehemu, tunamletea asaini. Alisema yeye Anna hamwamini, ila mimi ananiamini.

Nikapiga.

Sina cha kujitetea. Baba alipofariki ni baba mdogo aliyenilea, na sijawahi kumwambia hapana. Nilijiambia kwamba mimi nafikisha ujumbe tu. Anna alinishukuru, kisha akauliza kama kikohozi changu kimepona.

Tukapanda treni, daraja la tatu, mimi na baba mdogo tukitazamana. Tulipopita Tabora choo cha behewa letu kilikuwa kimeshajaa, na kila mlango ulipofunguliwa harufu ilikuja kukaa na sisi. Hiyo niliizoea. Niliyeshindwa kumzoea ni baba mdogo. Kwenye stesheni ya Saranda alinunua kuku wa kukaanga kupitia dirishani, akamla huku anaongea, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, mifupa akiitema chini karibu na miguu yangu. Alipomaliza akajichokonoa meno kwa ncha ya ile bahasha.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja anayekwenda Morogoro. Akamuuliza baba mdogo safari yetu ni ya nini. Naye akamweleza yote, bila aibu, kama mtu anayesimulia alivyomfunga kamba ng'ombe mkaidi. Akasema mwanamke akishafiwa na mume hana kazi na nyumba ya mjini. Akasema mimi ndiye niliyemlainisha. Akanipiga bega, akacheka.

Yule mama hakucheka. Alinitazama mimi, si yeye, halafu akavuta kitenge chake taratibu kisiguse gauni langu.

Nilitoa kichwa dirishani nikatapika. Baba mdogo akasema treni ndivyo ilivyo, nitazoea.

Hata hapo sikusema kitu. Naandika hili ili nisije nikajisahaulisha.

Anna alitupokea stesheni leo asubuhi na mwavuli mmoja, akatufunika sisi, yeye akalowa. Alipiga magoti kumwamkia baba mdogo. Alikuwa amepika wali na maharage ya nazi, na baba mdogo akala sahani mbili, akamsifia mpishi. Kisha akanawa mikono na kutoa karatasi yake, ina madoa ya mafuta pembeni. Anna hata hakuisoma. Alichukua kalamu, akaniinulia macho.

"Wifi, hii ndiyo ile ya mafao uliyoniambia?"

Baba mdogo akajibu kwamba ndiyo hiyo hiyo. Anna hakumgeukia. Alikuwa anasubiri jibu langu mimi.

"Hapana," nikasema. "Ni ya kukunyang'anya nyumba. Usisaini."

Baba mdogo hakupiga kelele. Alisimama, akasema kuanzia leo yeye na mimi hatujuani, kwamba nitazikwa na hao hao ninaowatetea. Akabeba begi lake akaenda kutafuta gesti. Nilimtazama akishuka njia ya tope, mzee aliyenivalisha viatu vyangu vya kwanza vya shule, na karaha haikuondoka, ila ilichanganyika na huzuni.

Nilidhani Anna atanikumbatia. Najionea aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani.

Aliikunja karatasi akaiweka kabatini. Akasema atampelekea mwanasheria wa msaada wa kisheria. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Siku ile unanipigia simu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa, akatoka nje kuanua nguo zilizolowa. Alikaa huko muda mrefu, hata baada ya kamba kubaki tupu. Aliporudi alisema, "Kabula, kitanda chako kiko chumba cha nyuma."

Kabula. Miaka tisa tumekuwa mawifi, na hajawahi kuniita kwa jina langu.

Sitaondoka na treni ya kwanza, labda anifukuze. Nitakaa, nitamwambia hata yale ambayo hajauliza. Nikimkuta jikoni asubuhi, nimwamkie kwa jina gani?