Mama Atapasuliwa Jicho Alhamisi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Nakusalimu kwa upendo, wewe, wifi na mtoto wenu. Kikohozi kimekuacha? Na mgongo unaendeleaje na hiyo kazi ya kusimama kutwa? Mimi ni mzima, miguu tu inavimba kwa kukanyaga cherehani. Shangazi yuko hapa, mzima, na mdomo wake mzima kuliko yeye. Mama anakula vizuri. Macho yake ndiyo yaliyonikalisha chini niandike, maana kwenye simu wewe unapaza sauti, mimi napaza sauti, halafu mmoja wetu anakata.

Nimepata ujumbe wako wa kuniagiza nifute miadi ya hospitali kwa kuwa Mungu ameshamponya mama. Sifuti. Nakuambia mapema usije ukasoma barua yote ukitafuta mahali nilipolegea.

Wewe umesimuliwa na Shangazi, na Shangazi hasimulii bila kutia chumvi. Jicho la kushoto la mama lilishakufa mwaka juzi, hilo unalijua. La kulia lina mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli basi. Daktari alisema linaweza kupasuliwa likapona, lakini tukichelewa presha ya jicho itapanda na kuua mshipa, na hapo hakuna cha kurudisha. Akampangia Alhamisi hii.

Jumapili Nabii wetu, yule unayemkumbuka akitengeneza redio kabla hajaanza kuitwa hivyo, alihubiri habari za Elisha alivyomwombea mtumishi wake, akafumbuliwa macho akaona mlima umejaa farasi na magari ya moto. Mahubiri mazuri, siwezi kumnyima haki yake. Kisha akamwita mama mbele, akamwekea mikono, akamwuliza kama anaona. Mama akasema anaona. Kwetu aliyepokea uponyaji hushuhudia palepale, kwa hiyo mzee wa kanisa akampa Biblia asome. Mama akafungua, akasoma ile Zaburi ya kuinua macho kuitazama milima, mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kanisa likalipuka kwa vigelegele, na Shangazi akavua viatu akacheza.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la kwaya, nikikitazama kile kitabu. Majalada ya vitabu vya kanisa nilishona mimi, yote kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye majoho ya kwaya. Ili visichanganywe, Biblia nilizitia ukingo mweupe, vitabu vya nyimbo nikaviacha vyeusi vitupu. Mama alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo. Mzee wa kanisa kwa haraka zake aliokota kilichokuwa karibu. Mama alisoma Zaburi kwenye kitabu kisicho na Zaburi hata moja, kaka, na Zaburi hiyo ndiyo aliyotukaririsha sisi kabla hatujajua kufunga vifungo vya shati.

Sikunyamaza. Ibada ilipokwisha nilimfuata Nabii kwenye chumba cha nyuma, pale penye spika mbovu, nikamwonyesha kitabu. Nilisema naye kwa adabu, Mungu ni shahidi. Nilimkumbusha kwamba Eliya kule Karmeli aliamuru madhabahu yake mwenyewe imwagiwe maji, mara tatu, mpaka mfereji ukajaa, ndipo akaomba moto. Hakuogopa kupimwa kwa sababu nguvu hazikuwa zake. Basi nikamwomba ampe mama ukurasa wowote asioujua. Akanirudishia kile kitabu.

"Imani yako ndogo ndiyo itakayomfumba mama yako macho," akasema. "Jumapili ijayo utasimama uombe radhi mbele ya watu, au uache kwaya."

Nikamwambia joho nitalileta kesho yake, limepigwa pasi. Nikalipeleka.

Sasa na wewe unaniandikia nisimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Daudi naye alipakwa mafuta, tena na Samweli, na Nathani aliingia kwake akamwambia usoni kwamba mwenye kosa ni yeye. Mungu hakumkemea Nathani. Na Isaya je? Mfalme Hezekia aliugua jipu la kufa, Mungu akaahidi kumponya, halafu Isaya huyohuyo akaagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Nabii mzima, ahadi ya Mungu iko mdomoni, na bado aliagiza dawa. Usinitishe na manabii, kaka. Nimewasoma na nawapenda, na sijamkuta hata mmoja aliyemwacha kipofu abaki kipofu ili yeye asiaibike.

Wala sijaacha imani, kama Shangazi anavyotangaza kisimani. Naamini Mungu anaweza kumfumbua mama hata sasa hivi ninapoandika, na akifanya hivyo nitacheza kumshinda Shangazi. Ninachokataa ni kumpangia Mungu mkono wa kutumia. Akitaka kutumia mkono wa daktari, mimi ni nani nimzuie? Na wewe ni nani?

Jana nikimpaka mama mafuta miguuni nilimwuliza kwa nini alisema anaona. "Niliwasikia wameshaanza kushangilia," akasema, "nikashindwa kuwazima." Nililia, sikufichi. Mama yetu alikubali kubaki gizani ili watu wasiaibike, na sisi tukapiga makofi.

Nakueleza na hili ili usiseme nilikuficha. Daktari hakuniahidi kitu. Alisema upasuaji una hatari zake, na jicho ni hilo moja tu. Jambo hilo linaninyima raha, nashona mikono ya gauni kinyume nafumua. Likiharibika, lawama nibebeshe mimi, wala sitajitetea kwa mtu. Lakini sitamwacha apofuke polepole huku tukisema haleluya.

Mama mwenyewe ameridhia. Kwenye fomu ya kukubali upasuaji muuguzi alimletea wino aweke dole gumba, mama akakataa, akaomba kalamu. Nilimwekea kidole penye mstari, akaandika jina lake lote. Herufi zilipanda na kushuka, ila ni lake. Shangazi ameapa hatatusindikiza. Leo asubuhi nimemkuta anakaza kifungo cha gauni ambalo mama atalivaa Alhamisi, akajifanya hajaniona, nami nikapita.

Msalimie sana wifi, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu kwa sala, na Shangazi angekusalimu kama angejua naandika. Bwana awalinde mtokapo na mwingiapo.

Neno la mwisho. Ile picha ya mtoto mliyotuma, mama aliposema kwenye simu kwamba pua ni ya marehemu baba mtupu, ulicheka kwa furaha mpaka mimi nikakusikia. Hakuiona ile pua, kaka. Alikisia, ili ufurahi. Ameniomba niitie picha kwenye mkoba wa hospitali, kwa sababu bandeji ikitolewa anataka kuanza na mjukuu wake. Kasirika ukitaka, lakini Alhamisi saa nne asubuhi piga magoti huko uliko.

Nikupendaye hata ninapokukaidi,
Mdogo wako wa cherehani.