Mtungi wa Destin

Jumatatu, 20 Januari 2003
Leo somo la kuchora limeniharibikia mikononi. Niliwaambia wa mwaka wa pili: kila mtu amchore jirani yake wa benchi. Destin akamchora Micheline. Vizuri mno! Macho, misuko, hata lile jino lililopanda. Ndipo wa nyuma wakaanza: pua hii ni ya wale, si ya kwetu. Ya wale! Watoto wa miaka kumi na mitatu. Micheline akainamisha kichwa.
Nikaogopa. Siku hizi hapa mjini Bunia watu wanachaguliwa kwa pua, nani ni wa kabila gani, nani auawe. Nikasema futeni nyote, choreni mtungi, karatasi hiyohiyo — nyingine hatuna. Destin alifuta kwa kipande cha ndala, amenuna. Kuanzia leo ni mitungi, majembe na majani tu.

Jumamosi, 8 Februari
Mkutano wa komite ya wazazi. Rais ni Mama Clémence, mama yake Micheline. Anauza mawese sokoni, na sauti yake hufika kabla yake. Hoja yake: vita imekula saa nyingi za masomo, kwa hiyo kuchora kuondoke, hesabu ziongezwe.
Nilitandaza kazi za watoto mezani. Mitungi. Mitungi mitupu! Akaokota ule wa Destin, akauinua wote wauone. "Prof, ku nyumba niko na mitungi tatu ya kweli. Hii itachota mayi gani?" Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kuficha aibu. Nilitaka kusema kwamba kuchora kunamfundisha mtoto kumtazama mwenzake. Lakini ningesemaje, na mitungi yangu ile? Somo limefutwa. Nimekusanya karatasi, nimerudi nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Jana risasi tangu alfajiri. Niko hai. Shule imefungwa.

Jumapili, 1 Juni
Nimerudi toka ukimbizini, nyumbani kwangu mtaa wa Lumumba. Paa lipo, mlango wezi wameubeba. Majirani wananipa habari moja moja. Destin na wazazi wake wameshika njia ya Mambasa. Micheline — bomu, mwezi wa tano, wakikimbia. Micheline! Sijui niandike nini.

Alhamisi, 12 Juni
Mama Clémence alikuja asubuhi. Amekonda, sauti imebaki ndogo. Nyumba yao iliungua na picha zote. Jumamosi wanaondoa matanga, na kwenye meza ya msiba hakuna cha kuweka.
"Prof, weye ulikuwa unamuona kila siku. Unichoree mutoto yangu. Nikifunga macho, sura inanikimbia."
Nikakubali. Ningekataaje? Nimejaribu mchana kutwa kwa mkaa wa jikoni. Kila mara unatoka uso wa msichana yeyote wa Bunia. Nilikuwa naye darasani miezi yote ile, na nilimtazama kweli mara moja tu, Januari — kisha nikaamuru afutwe. Najuta. Najuta sana.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekumbuka! Kazi za watoto ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Wezi hawakuzitaka. Mtungi wa Destin upo. Yule mtoto hukandamiza penseli kama baba yake anavyochimba dhahabu kule machimbo ya Kilo. Ndala ilifuta rangi, haikufuta mifereji iliyochimbika kwenye karatasi. Nimelaza kipande cha mkaa, nimekipitisha polepole. Mistari myeupe ikatokea. Misuko. Jicho. Jino lile! Ni yeye.
Nimelia, na sioni haya kuandika.
Sasa naweza kumnakili kwenye karatasi safi. Isipokuwa pua. Tumbo la mtungi limekaa katikati ya uso, na Destin alilijaza weusi kwa hasira. Pua imo humo ndani, haionekani. Walimsimanga kwa ajili yake, na mimi siikumbuki hata kidogo. Atakayenieleza ni mama yake peke yake. Na itabidi ajue siku ile kwenye mkutano aliinua nini.
Kuna mtu uani. Ni yeye! Nilidhani atakuja jioni kuchukua picha. Mlango hakuna, karatasi iko wazi mezani, na ameshaitambua kwa mbali.
"Prof, haiko ile mutungi nilichekaka? Unaifanyia nini?"
Nimemvutia kiti karibu na karatasi; nitamwonyesha jino kwanza. Anavua viatu —