Mfereji wa Jikoni

Hurlingham

Kaka Kibe,

Sisi wazima. Barabara yetu wameichimba tena. Majuzi zilikuwa nyaya za intaneti, sasa ni bomba jipya la maji, na lami waliyofukia nayo haikumaliza mwezi. Maji bado ni ya mgao, Jumanne na Ijumaa, saa wanayotaka wao. Kwa hivyo Mama huacha mfereji wa jikoni wazi, sufuria tupu chini yake, ili maji yakirudi ayasikie yakigonga. Unakumbuka, ndivyo alivyotulea.

Ijumaa nilipotoka kazini nilimkuta Avni, jirani wa chini, akigonga mlango wetu kwa ngumi. Dari yake ilikuwa inavuja. Jikoni kote kumefurika, na Mama yuko sebuleni, mlango wa jikoni uko wazi nyuma yake, anachambua mchele.

"Leo wamechelewa kufungulia," akaniambia.

Nilipiga deki.

Sasa, Jumapili ulipompigia simu nilikuwa kando, spika iko wazi. Ulimwambia Krismasi huji, kazi imekubana. Alijibu, "Sawa, sawa, mwanangu," akakata, akanigeukia akitabasamu: "Kibe anakuja."

Ameshafua mapazia ya chumba chako. Usimpigie tena. Mwandikie wewe mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mimi nilijaribu kumwambia. Alisema, "Sawa, sawa," akaendelea kupiga mapazia pasi.

Dadako,
Nyakio