Bega la Mzee Anselmi

Dada Zaituni,

Nakusalimu kutoka Muyinga, ambako mvua inapooza mahindi ya kuchoma kabla hujayamaliza.

Nimekutana na Mzee Anselmi, mkulima aliyekulia Tanzania. Tangu arudi huku kwao amekuwa akibeba wagonjwa wa kilima chake begani kwa ingobyi, machela ya kienyeji ya huku. Bega lilipovimba, wote walisema ni mti wa machela, wakamkanda kwa maji moto. Daktari alipougusa uvimbe, ulidunda kama mshipa. Picha zilionyesha saratani ya figo, imeshaingia mfupani.

“Figo haijawahi kuniuma,” mzee alimwambia. “Hata mkojo hauna damu.”

Daktari alisema wengine hawapati dalili nyingine, na kwamba kumpasua hakutamponya tena.

Aliporudishwa kutoka hospitali, majirani walimpandisha kilimani kutoka barabarani kwa ingobyi ileile. Nilitembea nyuma yao.

“Tulia, mzee, leo wewe ni mzigo,” mmoja alimtania.

“Badilisheni bega, wanangu,” akajibu. “Msije mkapata kama langu.”

Dada, shemeji asisingizie magunia anayobeba. Mpeleke akapimwe ile nundu ya shingoni. Nawakumbuka nyote hapo Nyamugari, Mungu awape afya.

Mdogo wako,
Hamisi