Padri, Andika Loza

Mdogo wangu Anjelina, hujambo huko Ngara? Huku Bisibo mvua imenilowesha mpaka kitenge cha Krismasi, ila hebu sikiliza. Kitukuu wangu alibatizwa jana kwa jina langu. Si unajua nilipobatizwa mimi mama alitaka kusema Roza ikatoka Loza, katekista akaandika hivyo hivyo, nikachekwa mpaka uzeeni? Basi padri naye akauliza, "Si Roza huyu?" Mjukuu wangu, baba wa mtoto, akamjibu, "Hapana, padri. Andika Loza, ni jina la bibi yangu." Nikapiga vigelegele maji hayajamgusa mtoto. Ndizi za hapa hazifikii zako. Mbuzi wangu niliyekuachia umlishe, Mungu akutunze. Ni mimi dada yako, Loza.