Kuku wa Mwanaisha na Kibanda Changu

Jumatatu, 5 Juni 1961
Nimewafungulia kuku kabla ya kwenda kazini. Saba wote wametoka, lakini polepole. Mikono inaniwasha tena. Yule wa madoadoa, upanga wake wa kichwani ulikuwa mwekundu kama pilipili. Leo umepauka. Wenzake pia. Mayai hakuna tangu Alhamisi.

Ni kuku wa Dada Mwanaisha. Amewaweka kwa ajili ya arubaini yake, apate supu akishajifungua. Mimba ina miezi saba. Ya kwanza ilitoka. Sikumwambia kitu. Siku hizi naogopa kila jambo.

Jumanne, 6 Juni
Shangazi Rukia ameona walivyopauka. Nyumba ni yake, naye ndiye aliyetulea. Amesema damu ya kuku imetangulia, ya mwenyewe itafuata. Amesema mbele ya Dada, mja mzito! Ijumaa alfajiri wachinjwe wote, wafukiwe, asile mtu. Dada ameingia chumbani akalia. Mimi sikumtetea. Nimejichukia.

Jumatano, 7 Juni
Mmoja amekufa. Nimempasua nyuma ya choo. Matumbo safi, minyoo hakuna. Nyama nyeupe, kama iliyooshwa. Waliobaki hawakohoi, hawaharishi, shingo hazikupinda. Si ugonjwa wa kideri. Basi ni nini?

Alhamisi, 8 Juni
Nimemwuliza Mzee Katana, tarishi wetu ofisini. Kwao wamefuga kuku miaka yote. Akataka kujua wanalala wapi. Nikamweleza, tena kwa fahari: zamani walilala juu ya mpera. Tangu Aprili, kwa kuogopa fungo asije akawala, nimewajengea kibanda cha mbao za masanduku ya bandarini. Kila ufa nimeuziba kwa gunia. Upepo haupiti.

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Bwana karani, umewajengea jela! Kakitazame hicho kibanda kabla hakujapambazuka."

Mimi sikucheka. Kesho ndiyo Ijumaa.

Ijumaa, 9 Juni
Baada ya swala ya alfajiri nimekwenda na taa. Nimevuta gunia. Ufa mzima utitiri, wekundu, wamevimba, wanaukimbia mwanga. Nimewabonyeza kwa kidole gumba. Damu tupu.

Kumbe ni mimi. Nimewafungia kuku pamoja na adui yao, kila usiku, na komeo juu.

Shangazi akatoka na kisu. Nikasimama mlangoni pa kibanda, nikamwonyesha kidole chenye damu.

"Shikamoo, Shangazi. Damu ya kuku hii hapa. Inanyonywa na utitiri. Leo hachinjwi kuku."

"Nimekulea mimi, leo wanisomesha?"

"Nisamehe. Hachinjwi."

Sikuondoka. Akasonya. Akasema Mwanaisha akipatwa na jambo, ni juu yangu. Nikasema na iwe juu yangu. Sauti ile sijui nimeitoa wapi.

Nimekivunja kibanda kwa shoka. Nimekichoma chote, mbao na gunia. Dada amekuja kuchochea moto, anacheka, moshi unamtoa machozi. Nimechelewa kazini, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Karani mkuu amefoka. Afoke.

Jumapili, 11 Juni
Wamerudi juu ya mpera. Fungo na aje akitaka. Nimewachimbia shimo la majivu, wanajigaragaza humo mchana kutwa. Shangazi hasemi nami. Chakula changu anakipitisha kwa Dada. Panga za vichwani bado nyeupe. Nimekuwa nikizitazama kila saa. Kama nimekosea, nimekosea juu ya maisha ya Dada. Naogopa sana. Lakini kuku sitawatoa wachinjwe.

Ijumaa, 16 Juni
Hakuna aliyekufa. Mikono haiwashi.

Jumamosi, 1 Julai
Sita, wazima wote. Upanga wa yule wa madoadoa ni mwekundu shinani, ncha bado.

Nimerudi kutoka kazini mchana. Jikoni, maganda ya mayai mawili, bado yana joto. Dada alikuwa amelala, bakuli tupu kando yake. Shangazi alikuwa akisugua sufuria ndogo. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba," akaitikia, mara ya kwanza tangu siku ile, bila kugeuka.

Nikachota majivu mekoni, nikaenda kuyamwaga shimoni.